Barua kwa mwanangu: huo ukuta wa kukisia uuondoe

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Pendekezo lako la maonyesho ya picha za watu na asili zao tumelisoma, mimi na babako, na picha za majaribio nimezifungua kwenye skrini ya dukani, si kwenye simu, nisije nikakulaumu kwa makosa ya simu. Kazi imesimama. Herufi zimetulia, na kuziweka picha zote ukubwa mmoja, macho usawa mmoja, ni uamuzi wa mtu anayejua anachokifanya. Nayasema haya mapema kwa sababu nakujua, utaruka moja kwa moja hadi pale ninapogomba.

Ninachogomba ni ule ukuta. Nyuso 24, chini ya kila uso kalamu na stika, mgeni aandike "huyu ni nani": Mwarabu, Mhindi, Msomali, nusu Mzungu, pointi faivu. Unasema mwalimu wako ameupenda. Mwalimu wako hatakuwapo hapa Kibokoni, Mombasa, wiki inayofuata, msichana wa watu akipita na vijana wa barazani wakimwita kwa kile kilichobandikwa chini ya uso wake. Nairobi mtu akitoka ukumbini amepotelea mjini. Mji wa Kale uso wa mtu una nyumba yake, una babu yake, una na maneno ambayo watu walikuwa wameshayanyamazia. Wewe utakuwa umepata alama zako na umepanda treni.

Na hata asiumie mtu, ukuta huo haukupi jibu unalolitafuta. Mgeni hakisii mtu, anakisia picha. Kipima mwanga cha kamera kinachukulia kwamba kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani, kile cha asilimia 18. Uso mweusi ukijaza fremu, kamera inaongeza mwanga na ngozi inatoka imefifia. Uso mweupe ukijaza fremu, inapunguza, na ngozi inatoka imekoza. Ukimsimamisha huyo mweusi mbele ya ukuta wa chokaa, kamera inaufuata ukuta na uso unazama. Yule kijana wa picha ya 7 amekaa karibu na ukuta wa kijani, nao umemrudishia ukijani kwenye taya. Yule bibi wa picha ya 11 umempiga chini ya makuti saa kumi jioni, amekuwa wa dhahabu. Halafu unataka mgeni awaambie wao ni kina nani!

Basi ukija, piga hivi. Kitambaa cha nyuma kiwe kijivu, mtu akae mita moja na nusu au mbili mbele yake. Taa moja kubwa yenye softboksi, lile sanduku la kitambaa la kulainisha mwanga, pembe ya digrii 45, juu kidogo ya macho, na upande wa pili bodi nyeupe ya kurudisha mwanga. Pima umbali wa taa kwa futi kamba kila mtu anapobadilika, usikadirie kwa macho. Kila kitu kwa mkono: ISO 100, f/8, 1/125, na nguvu ya taa uirekebishe hapo ulipo. Picha ya kwanza ya kila mtu ashike kadi ya kijivu karibu na shavu, na rangi ya picha zake zote uisawazishe kwa kadi hiyo. Ukiiachia kamera ichague yenyewe, itachagua tofauti kwa kila nguo. Piga RAW, faili ghafi ambayo kamera haijaigusa. Jasho usilifunike kwa poda, kwa sababu poda ni rangi. Mfute mtu kwa tishu, mpe maji, feni iwe mbali na kitambaa. Tena kamera ukiitoa chumba cha AC uiache ndani ya begi nusu saa, la sivyo lenzi itashika ukungu na utapiga watu watatu kabla hujatambua.

Shida hii haikuanza na kamera yako, na hilo ungeliandika kwenye kibao cha kwanza badala ya yale maneno marefu ya nadharia. Kodak walikuwa wakizipelekea maabara kadi ya kusawazishia rangi yenye picha ya mwanamke mweupe, mafundi wakaziita kadi za Shirley, na uso huo ndio uliokuwa kipimo cha ngozi "sahihi" kwa miaka mingi. Harusi yenye bibi harusi mweupe na shemeji mweusi katika fremu moja, mmoja wao lazima alipotea. Sehemu ya msukumo wa kuiboresha filamu ulitoka kwa wateja wa biashara, watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao, waliolalamika kwamba rangi zao za kahawia hazitoki. Hilo linanichekesha na kuniudhi kwa pamoja.

Sasa njia ninayokupa, na picha zinabaki zilezile 24, bajeti haiongezeki. Chukua watu 4, watu wazima, wanaojua wanaingia katika nini. Kila mmoja mpige mara 6, na kila picha ubadilishe kitu kimoja tu. Ya kwanza fulana nyeusi, taa ya kawaida, nywele kama alivyokuja. Ya pili kanzu na kofia, au buibui. Ya tatu koti na tai. Ya nne nywele zimefungwa nyuma, au amenyoa. Ya tano nguo ni ya kwanza lakini taa ya manjano, Kelvin 3200 kwa kipimo cha rangi ya mwanga, kamera ikiwa imewekwa 5600. Ya sita kila kitu cha kwanza lakini mwanga umepungua stopu moja, yaani nusu. Hiyo ya kunyoa ipige mwisho, akili yako!

Zigawe seti sita, A hadi F, kila seti ina kila mtu mara moja tu. Mgeni akiona uso mmoja mara mbili atautambua na jaribio limekufa. Mlangoni gawa kadi kwa zamu. Kwenye kadi usimpe visanduku, mpe mistari mitatu mitupu: unadhani huyu ni mtu wa wapi, umeona nini hata ukasema hivyo, wewe umekulia wapi. Kadi inaingia kwenye sanduku lenye kifuniko. Kitu hakibandikwi chini ya uso wa mtu. Baadaye unahesabu, na kinachotundikwa ni hesabu ya wageni: kofia imemhamisha mtu huyuhuyu kutoka wapi hadi wapi, na taa ya manjano imemhamisha wapi. Anayeangaliwa anakuwa yule aliyekuja kuangalia.

Jaribu kwanza kwa watu kumi wa darasani. Wengine wataandika mzaha, weka kando lakini zihesabu. Wengi wa huku hawataandika rangi, wataandika "Lamu", "Mbajuni huyu", "wa Makadara". Usizitupe eti hawakuelewa swali, wao ndio waliojibu. Na wageni 60 maana yake kadi kumi tu kwa kila seti, kwa hiyo andika "7 kati ya 10", usiandike asilimia 70 kama ofisi ya takwimu.

Kuhusu zile rangi za vigae unazotaka kuweka nyuma ya kila uso, ukimfuata yule mpiga picha Mbrazili, Angélica Dass, fikiri tena. Yeye alianza mwaka 2012, anachukua kipande cha pikseli 11 kwa 11 puani na kukitandaza nyuma ya mtu. Kwake lina nguvu, kwa sababu nyuso zimekuwa maelfu na mtu anaona hakuna mweupe wala mweusi. Ukiwa na wanne unabaki na vigae vinne, na vigae vina historia mbaya: mwanaanthropolojia Felix von Luschan alikuwa na vyake 36 vya kioo kwa ajili ya kuwapanga watu. Mizani ya ngozi ya Fitzpatrick ya mwaka 1975 ilihusu ngozi inavyoungua kwa miale, si asili ya mtu. Ile mpya ya Monk ina rangi 10 na ilitolewa mwaka 2022 ili kompyuta zisiwakose watu weusi. Hizo zote ni zana zenye kazi zake. Halafu paji la uso la mtu si shavu lake, na shavu si shingo. Ukishikilia vigae, chukua sehemu tatu za uso na uandike ulichukua wapi.

Wazo la kuwapima DNA kwa vifurushi vya kununua mtandaoni liache kabisa. Kampuni inalinganisha mate ya mtu na sampuli ilizonazo. Ikiongeza sampuli asilimia zinabadilika, na mate ni yaleyale. Kubwa zaidi, kipimo hicho kinaweza kumwambia mtu kwamba baba aliyemlea siye. Utafanyaje siku hiyo, utamchorea bango? Ukitaka sayansi, ipo ya kaburini: utafiti uliotoka katika jarida la Nature mwaka 2023, DNA ya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 hivi na 1800, wengine hapo Mtwapa. Ulionyesha kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000, upande wa akina mama zaidi Waafrika, upande wa akina baba zaidi Waajemi, pamoja na asili ya Kihindi kidogo, na Uarabuni ikaongezeka baadaye. Lakini makaburi yale mengi ni ya watu wenye nafasi, basi usichukue sehemu zile ukamvisha muuza samaki wa leo.

Na ukisema "mchanganyiko" hapa, sema polepole. Afrika Kusini sheria ya mwaka 1950 iliandikisha watu kwa rangi hadi ilipofutwa mwaka 1991, na kalamu ya risasi ilitiwa nywele za watu waone itaanguka au itakwama. Uingereza walianza kuweka kisanduku cha mchanganyiko katika sensa ya mwaka 2001, Marekani mtu akaruhusiwa kutia alama zaidi ya moja mwaka 2000. Huku kwetu mkoloni aliwagawa watu kuwa wenyeji na wasio wenyeji, Mwarabu upande mmoja, Mswahili akavutwa huku na huku, na kodi ikafuata kisanduku. Kwa hiyo mzee wa Thenashara Taifa, yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, akikukatalia neno chotara, usidhani ni ukaidi. Mwingine mwenye neno hilo hilo atalivaa kifuani. Muulize kila mtu ajiandike mwenyewe, kwa mkono wake, na uchapishe mwandiko wake.

Maswali yako nayo. "Unajihisi nani?" ni swali la mgeni. Uliza: nani hukuuliza umetoka wapi, na mkiwa wapi? Fomu gani ilikukosea kisanduku? Nyumbani nani anakufananisha na nani? Hapo watu watazungumza.

Karatasi ya idhini usiinakili kutoka mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu rangi, asili ya mtu, data za kijenetiki, hata majina ya wazazi wake, kuwa data nyeti. Aliye chini ya miaka 18 anahitaji mzazi. Mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja iliyowekwa bila ridhaa yake, na shule moja 4,550,000 kwa picha za watoto. Weka nafasi nne tofauti za kutia alama ya kukubali: ukumbini, mtandaoni, jina, sauti. Iwe kwa Kiswahili. Andika tarehe ya mwisho ya kujitoa, iwe kabla hujachapisha. Na kila mmoja aone picha zake na hesabu ya kadi zake siku moja kabla ya kufungua, peke yake, akiwa na haki ya kusema toa. Shangazi yako amesema atakubali ukimpiga. Mimi nasema usimpige. Atakubali kwa ajili yako, kisha atalia kwa ajili yake.

Kuchapisha njoo kwetu, usitupe pesa River Road. Karatasi ya mati, gramu 230, A3. Chapa kwanza A4 moja yenye nyuso zote nne, uipeleke ukumbini ukaitazame chini ya taa zao. Taa za Kelvin 3000 zinamfanya kila mtu awe mwekundu, na ni heri ujue kabla ya kumaliza wino. Acha zikauke siku nzima kabla ya kuzibandika. Fomu bodi itapinda kwa unyevu wa huku, chukua foreksi, ile bodi ya plastiki, ya milimita 5. Ukipata ile Mahakama ya Kale ya barabara ya Nkrumah, uliza kwanza kama kuta zinatobolewa. Nadhani watakataa, itabidi utundike kwa nyaya.

Na ukuta wa stika, mwanangu, mwambie mwalimu mamako amekataa. Kama unaogopa kumwambia hivyo, mwambie jaribio lina kasoro. Yote mawili ni kweli.

Ada ya muhula babako ameituma nusu, nyingine mwisho wa mwezi, usimpigie simu kumuuliza. Maji ya mfereji bado yanakuja usiku tu, tunanunua ya mkokoteni. Friji imeanza kuvuma, fundi anasema ni kompresa, mimi nasema ni fundi. Nyanyako miguu inavimba, amekatazwa chumvi na anaidai kila mlo. Harusi ya binamu yako imesogezwa baada ya Idi, kwa hiyo ukikata tiketi ya treni kata ya kurudi baada ya hapo, na uikate mapema, za asubuhi zinajaa. Uje na ile kebo ya skrini uliyoondoka nayo. Na unijulishe watu wako wanne wanakuja siku gani, niifunge studio wasikutane na wateja wa paspoti.

Mamako