Shukrani kwa aliyenisaidia kufunga feni ya paa

Napenda kumshukuru kwa dhati ndugu ambaye hakuniachia hata jina lake, aliyenikuta juu ya paa la trela yangu ya kambi nikiwa na msumeno mkononi, na mraba wa inchi 14 kwa 14 umekwisha kuchorwa kwa penseli. Kabla sijakata, aliniuliza kama nilikuwa nimehakikisha kwamba hapakuwa na nyaya chini ya mstari ule. Sikuwa nimehakikisha, na waya wa taa ulikuwa umepita papo hapo.

Alinionyesha namna ya kuzungushia tundu fremu ya mbao ili skrubu zipate pa kushika, kisha akaiweka kando silikoni niliyokuwa nikiitegemea kuzuia maji (kwa kiburi kidogo, nakiri) na kunitaka nibandike utepe wa butili (aina ya mpira laini unaonata) chini ya ukingo wa feni, nikikaza skrubu kidogo kidogo kwa kupishana mpaka utepe uchomoze pande zote. Feni yenyewe, ya volti 12, aliiunganisha kupitia fyuzi yake.

Mvua imekwisha kunyesha mara mbili, nami nimepapasa dari kwa kiganja nikaikuta kavu. Ahsante sana, ndugu yangu, popote ulipo.