Shoga, mie sasa nahesabu vimwani

Rehema shoga angu,

Za huko Mwanza? Najua umeninunia, miezi minne sijapiga wala sijatuma hata voisi, ila ukimaliza kusoma hii utanihurumia. Ile masta nimeianza kweli, na ile mada ya samaki niliyokwambia nimeiacha, nimehamia kwenye matumbawe. Usicheke. Mama mwenyewe kaniuliza mtu anasomaje mawe miaka miwili.

Siku ya kwanza supavaiza kaniuliza, wewe si mtu wa Makunduchi, haya niambie tumbawe ni nini. Mie nikajibu kwa kujiamini, jiwe la baharini. Akacheka mpaka akavua miwani. Jioni akanipeleka kwenye tangi, akazima taa, akamulika kwa tochi nyekundu, wallahi lile jiwe limetoa vidole! Vidogo vidogo, mamia, vinapunga majini vinadaka chakula. Kumbe kila kitundu kina mdudu wake, anaitwa polipu, ni mdomo na tumbo basi, na huo mdomo ndo huo huo anaotolea uchafu (samahani kama unakula). Lile jiwe ni nyumba anayojijengea mwenyewe kwa chokaa anayoipata kwenye maji ya bahari.

Sasa fikiria mie nimekua nawakanyaga hao kila bamvua, nyuma ya mama tunafuata pweza. Wikiendi ile nikaenda kwa bibi, ukuta wake wa jikoni plasta imebanduka, nikamulika kwa simu, jiwe lote nyota nyota tupu, vyumba vya polipu walioishi zaidi ya miaka laki moja iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko sasa. Bibi akaniuliza natafuta nini ukutani, nikamwambia Favites, aina ya tumbawe. Akasema kama ni mchwa ninunue dawa.

Haya, kazi yangu yenyewe sasa. Ndani ya nyama ya polipu wanaishi wapangaji, vimwani ambavyo huvioni kwa macho, wanaviita zuzanteli, na eneo la sentimita moja ya mraba tu linaweza kuwa na kama milioni moja. Vinakula jua vinatengeneza sukari, na kodi yao wanalipa kwa hiyo sukari, yani sehemu kubwa kabisa ya chakula cha tumbawe inatoka kwao, na ile rangi ya kahawia unayoiona kwenye matumbawe mengi ni yao pia. Tatizo ni joto. Maji yakizidi digrii moja tu juu ya wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote, yakakaa hivyo wiki kadhaa, vile vimwani vinavurugika vinaanza kutoa sumu, basi polipu anavitimua. Akishavitimua nyama yake haina rangi, unaona mfupa mweupe pee. Kumbuka hapo hajafa bado, ana njaa tu, maji yakipoa mapema anaweza kupokea wapangaji wengine. Yasipopoa ndo basi tena. Huku kwetu mwaka 1998 ulikuwa mbaya sana, ukaja 2016, halafu 2024 ile kaskazi iliyotupika ndani ya nyumba na chini ya maji ilikuwa inapika vile vile. Mama alirudi pwani siku moja akasema mawe yamepauka. Hakusoma popote, ila aliona.

Kwa hiyo mie nina matangi mawili, moja digrii 28 jingine 31, na kila baada ya siku kadhaa nakata kipande kama ncha ya kidole, nakipuliza kwa ile bunduki ndogo ya kupulizia rangi mpaka nyama itoke yote ibaki mfupa, nakusanya ule ute (unanata, na harufu yake nguo haitoki), tone moja naweka kwenye kioo chenye miraba, kile cha kuhesabia seli za damu hospitali, halafu nahesabu vimwani kimoja kimoja kwenye hadubini. Kidude cha kubonyeza kilikuwa hakipo nikachukua tasbihi ya kubonyeza ya mama. Juzi kanikuta nyumbani naangalia picha za hadubini nabonyeza, akaniambia Mungu akutakabalie.

Kutambua aina ndo usiniulize. Chukua jamii moja tu ya matumbawe, Porites, ina aina lutea na lobata, zimefanana hata wakongwe wakiwa majini wanaandika Porites wanapita. Ila hiyo Porites naipenda, inakua kama sentimita moja kwa mwaka na inaacha mistari kama mti, kule Malindi ya Kenya walitoboa moja wakasoma ndani yake joto la bahari la miaka 194.

Halafu tulipelekwa kisiwa cha Chumbe. Pale uvuvi umepigwa marufuku tangu 1994, na walinzi wengine walikuwa wavuvi. Mmoja wao alinionyesha chewa amejibana chini ya tumbawe pana kama meza, nikalia ndani ya miwani ya kuzamia, maji yakaingia nikapaliwa. Sitaki kuongea zaidi.

Sasa balaa langu. Wiki iliyopita nilikuwa na vichupa 36, kazi ya wiki tatu, nimeandika namba kwa maka peni nzuri tu, nikavijaza spiriti, nikavipanga boksini. Kimoja kikavuja. Asubuhi nafungua boksi, vichupa vyote vyeupeee, spiriti imefuta kila kitu. Cha digrii 28 kipi, cha 31 kipi, sijui. Nilikaa chini kwenye sakafu. Supavaiza alikuja akaangalia, hakufoka, alitoa penseli mfukoni akaandika namba kwenye kikaratasi akakitumbukiza ndani ya kichupa, akanionyesha. Spiriti haifuti penseli. Akaondoka zake.

Nimeanza upya tangu Jumatatu. Ukija Unguja mwezi ujao niletee penseli boksi zima, HB, na kichongeo, za hapa zinavunjika vunjika.

Wako,
Mwanaidi