Malalamiko: Mmenijazia Gesi ya AC Mara Mbili Bila Kuniambia Gari Linahitaji Nini

Mwalimu mstaafu,
Maseno.
20 Februari

Kwa Meneja wa Gereji,
Kisumu.

Bwana Meneja,

MINT: GESI YA AC KWENYE PEUGEOT 505

Nilileta gari langu kwenu tarehe 9 Januari, Peugeot 505 ya mwaka 1988, kwa kuwa AC ilikuwa ikipuliza hewa ya vuguvugu. Nililipa shilingi 4,500. Wiki tatu baadaye baridi ilikuwa imekwisha. Nikarudi tarehe 3 Februari, nikalipa 4,500 nyingine, na safari hii haikufika hata siku kumi. Sasa kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya AC, inakwaruza kila ninapowasha AC. Kabla ya kuja kwenu ilikuwa ikizunguka kimya.

Msidhani nalilia starehe. Mjukuu wangu ana pumu, na kila mwezi nampeleka kliniki Kisumu katika barabara tunayoitumia pamoja na malori ya Busia. Nikifungua vioo moshi unaingia. Nikivifunga, mtoto analowa jasho huku akihema.

Chini ya boneti kuna kibandiko cha kiwandani ambacho bado kinasomeka: R12, yaani gesi ya AC ya aina ya zamani. Fundi wenu hakukitazama. Nilikuwa nimesimama pale alipojaribu kuunganisha mpira wa mashine ya kujazia gesi ukakataa kuingia, kwa sababu midomo ya mfumo wa R-12 ni ya kufungwa kwa nyuzi, na ya R-134a, gesi iliyochukua nafasi yake, ni ya kubana. Alienda stoo akarudi na kiunganishi. Hapo ndipo alipopaswa kuniita. Badala yake alifungua valvu, gesi iliyobaki ikatoka kwa mlio mpaka ikaisha, kisha akajaza R-134a. Gesi aliyoimwaga angani ndiyo ile ile inayoharibu tabaka la ozoni, ambayo kwa ajili yake mataifa yaliafikiana Montreal mwaka 1987, na nchi kama yetu zikapewa hadi mwaka 2010 kuacha kuitumia.

Najua R-12 haipatikani tena kihalali kwa urahisi, na sikutarajia mnijazie hiyo. Nilitarajia kuambiwa. Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama petroli; ikipungua, imevuja. Kwa hiyo swali la kwanza lilikuwa inavujia wapi, na swali hilo halikuulizwa tarehe 9 Januari wala tarehe 3 Februari. La pili ni mafuta. Mafuta ya zamani ya kompresa yalisafiri pamoja na R-12, lakini R-134a haiyabebi. Yanabaki yamejikusanya kwenye mabomba, na kompresa inasagika ikiwa kavu. Ndiyo maana naamini mkwaruzo ninaousikia umetokana na kazi yenu.

Kama fundi angenieleza kwamba kuhamia R-134a ni kuziba uvujaji, kubadilisha mipira ya kuzibia na chupa ya kukausha unyevu, kumwaga mafuta ya zamani na kutia ya esta yanayochanganyika na R-134a, kisha kunyonya hewa yote kwa pampu kabla ya kujaza, ningeuliza bei. Labda ningekubali. Labda ningesema gari la umri huu halistahili gharama hiyo, nikatafuta njia nyingine ya kumfikisha mtoto kliniki. Uamuzi huo ulikuwa wangu, na mkaufanya ninyi kwa kunyamaza. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya kupewa taarifa anazohitaji ili anufaike na huduma anayolipia. Risiti zenu zote mbili zimeandikwa “kujaza gesi” tu. Hazitaji aina ya gesi wala gramu.

Naomba mchague moja. Ama mwitoe gesi iliyobaki kwa mashine ya kuikusanya, si kuimwaga tena, mkague kompresa mbele yangu, na mfanye kazi ya kubadilisha mfumo ipasavyo. Mimi nitalipia vipuri, ninyi mbebe ufundi na kompresa ikiwa imeharibika. Gesi ipimwe kwa mizani, kiasi cha asilimia 80 hadi 85 ya uzito wa R-12 ulioandikwa kwenye kibandiko, na mbandike kingine kinachosema R-134a ili fundi mwingine asikosee. Ama mnirudishie shilingi 9,000 pamoja na gharama ya kukaguliwa kompresa kwa fundi nitakayemchagua.

Nasubiri jibu la maandishi katika siku 14. Lisipokuja, nitayapeleka malalamiko haya kwa Mamlaka ya Ushindani pamoja na risiti na picha za kibandiko. Kliniki ijayo ni tarehe 12 Machi, na ningependa kujua kabla ya siku hiyo.

Wako mwaminifu,
Mwenye gari