Barua ya Wazi kwa Wanafunzi Wapya wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania

Wanangu wapendwa,

Nawaandikia ninyi mnaoanza masomo mkiwa kazini, walimu, wauguzi na wazazi wenye watoto wadogo, wengi mkiwa mbali na miji mikubwa. Chuo mlichojiunga nacho kiliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu kama ninyi, wasioweza kuacha riziki wakaenda kukaa bwenini. Siku hizi masomo yenu yamo katika Moodle, mfumo wa kusomea mtandaoni, na kinachonitia wasiwasi ni kwamba wengi huingia humo kupakua maandiko, kisha wakatoka bila kuacha neno.

Naamini kwamba hamu ya kusoma huuawa na upweke kuliko ugumu wa somo. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan walieleza kwamba ari inayodumu hustawi pale mtu anapojiamulia mwenyewe, anapojiona kuwa anaweza, na anapojihisi kuwa ni mmoja wa wenzake. Masomo ya mtandaoni yanawapa nafasi pana ya kujipangia saa. Hayo mawili mengine hayaji yenyewe, sharti myatafute.

Kwa hiyo nawasihi, katika juma la kwanza la muhula kila mmoja aulize swali kwenye jukwaa la majadiliano, hata likiwa dogo, hata akihofia kuchekwa. Nanyi mnaoelewa upesi, mjibuni mwenzenu bila kumngoja mkufunzi, maana mtu hugundua asichokijua pale anapojaribu kumweleza mwingine. Tafuteni wenzenu wawili watatu wa kozi hiyohiyo wanaotumia kituo chenu cha mkoa, mpange siku ya kukutana, na asiyeonekana apigiwe simu siku ileile, kabla aibu ya kuachwa nyuma haijamfungia ndani. (Wanaoacha masomo huwa hawaagi.)

Bei ya bando ni mzigo wa kweli, wala sitawaambia kwamba bidii pekee itauondoa. Programu ya Moodle ya kwenye simu inaweza kuhifadhi maandiko ya kozi yasomwe bila intaneti. Yahifadhini mkiwa penye mtandao mzuri. Na kazi za tathmini ziwasilisheni walau siku moja kabla ya mwisho, ili mtandao ukikatika pabaki muda wa kujaribu tena.

Ni mimi mzee wenu,
Mwalimu mstaafu