Mvumaji hakupatikana kwa kutafutwa

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu ndege mvumaji mwenye ndevu za buluu imenifurahisha, ila mmeikatisha palipokuwa na utamu, au tuseme uchungu. Mmeandika kwamba "amepatikana", mkaweka nukta.

Ni kweli. Tangu 1946 hakukuwa na ushahidi wa kuonekana kwake katika milima ya Sierra Nevada de Santa Marta, kaskazini mwa Kolombia, hadi Machi 2015 wafanyakazi wawili wa ProAves, shirika la Kolombia la kuhifadhi ndege, walipompiga picha. Lakini hawakupanda kumfuata yeye. Walikuwa wakikagua sehemu zilizochomwa moto. Nyasi za kule juu huchomwa ili zichipue kwa ajili ya mifugo, na moto ukishika hauchagui: huramba hata vichaka vya frailejón, mmea wa milimani, ambavyo maua yake ndiyo chakula cha ndege huyu.

Wengi wetu Afrika Mashariki tulimjua mvumaji kupitia hadithi aliyopenda kuisimulia marehemu Wangari Maathai, ya kindege kinachobeba matone ya maji mdomoni kuzima moto wa msitu. (Kwetu hayupo. Tuliye naye ni chozi, na watu huwachanganya.) Huyu wa kweli hazimi kitu, anaunguliwa na nyumba.

Nimekuwa mpagazi Kilimanjaro kwa miaka mingi. Nimeshatua mzigo zaidi ya mara moja nikimtazama chozi wa kijani akizamisha mdomo kwenye ua la lobelia mpaka paji lake linapotea. Baada ya ule moto wa Oktoba 2020, nilikuta misenesio, ile miti ya juu mlimani, ambayo koti lake la majani makavu limeteketea lote, shina limebaki gogo la mkaa. Hilo koti ndilo linaloukinga mti na baridi ya usiku, na ndilo linalowaka kwanza.

Sierra Nevada ni hifadhi ya taifa tangu 1964, na bado huchomwa. Mstari wa ramani hauzuii kiberiti. Wa kuzungumza nao ni wenye mifugo, pamoja na Wakogi na Waarhuaco, wenyeji wa asili wa huko, ambao mlima ule kwao ni mtakatifu.

Siku mkipata picha nyingine ya ndege huyo, naomba mtuambie pia nyasi za hapo zilichomwa lini.

Mpagazi,
Marangu, Kilimanjaro