Zuhura, kabla hujabandika kile kihisi cha dirisha

Zuhura mwenzangu,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Barua yako imenifikia, na pole sana kwa kukosa usingizi. Mtu akishasikia mkono asioujua ukitikisa dirisha lake usiku, hatulizwi na maneno matupu. Nimefurahi kwamba umeamua kuweka kengele ya usalama, na nimefurahi zaidi kwamba umeniuliza wakati vihisi vyenyewe bado viko kwenye boksi.

Umetaka kujua kipande kipi kikae kwenye fremu na kipi kwenye bawa la dirisha. Kile kikubwa chenye betri kikae kwenye fremu isiyosogea. Kile kidogo, ambacho ni sumaku tu iliyovikwa plastiki, kikae kwenye bawa linalofunguka. Nafasi ikikubana unaweza kuvigeuza na vitafanya kazi vilevile, ila kile kikubwa kimebeba redio, na kikiwa kwenye bawa kitatikisika kila dirisha linapofungwa kwa kishindo. Afadhali kitulie.

Ningeweza kuishia hapo, maana swali lako nimelijibu. Lakini kubandika ni kazi ya dakika chache tu, na haiamui mengi. Kihisi kilichobandikwa vizuri mahali pasipofaa kinanitisha kuliko dirisha lisilo na kihisi, kwa sababu wewe utalala ukikitegemea. Kwa hiyo nakusihi, karatasi ya gundi usiibandue mpaka kihisi kimeshasajiliwa kwenye paneli (kile kisanduku kikuu kinachopokea ujumbe wa vihisi na kupiga kengele), kimeshashikwa pale pale kitakapokaa, na paneli yenyewe imeshakwambia kwamba inakisikia.

Kwanza ujue kilichomo ndani, maana ukikielewa hutahitaji kukariri maelekezo. Ndani ya kile kipande kikubwa mna kibomba kidogo cha kioo, na ndani ya kibomba mna vijiti viwili vyembamba vya chuma ambavyo ncha zake zimepishana bila kugusana. Sumaku ikikaribia, ncha zinavutana na kugusana, umeme unapita. Sumaku ikienda mbali, zinaachana. Basi, hilo ndilo linalokiwezesha kihisi kujua kama dirisha limefungwa au limefunguliwa. Swichi ya namna hii iliendelezwa na Walter Ellwood kwenye maabara za Bell Telephone huko Marekani mwaka 1936, nayo ilifanya kazi kwenye mitambo ya simu. Vihisi vingine vya siku hizi vina chipu inayohisi sumaku badala ya kibomba, lakini kwako wewe mfungaji hakuna kinachobadilika.

Wazo lenyewe la kulifanya dirisha lipige kengele ni la zamani zaidi. Augustus Russell Pope wa Massachusetts alipata hataza yake (haki ya mvumbuzi) tarehe 21 Juni 1853: milango na madirisha yaliunganishwa kwa waya wa umeme, na lolote likifunguliwa sumaku-umeme inaigonga kengele. Edwin Holmes akainunua haki hiyo mwaka 1857 na kuifanya biashara. Nakutajia hawa kwa sababu moja. Wao walilazimika kupitisha waya mpaka kila dirisha, na wewe redio imekuondolea kazi hiyo yote. Pamoja na hayo, redio imekuletea jambo ambalo waya hauna: ujumbe unaweza kutumwa usifike, na kihisi kisijue. Vihisi vingi vya bei nafuu hutuma tu, havipokei jibu. Vinasema "limefunguliwa" na kurudi kulala, iwe paneli imesikia au haikusikia. Ndiyo maana nasisitiza kujaribu.

Sasa chukua kihisi kimoja, ukae nacho mezani karibu na paneli. Tazama lebo yake. Utaona masafa ya mawimbi ya redio yameandikwa, pengine 433 MHz, 868 MHz, 345 MHz au 319.5 MHz. Lazima yalingane na ya paneli yako. Hata yakilingana, bado haitoshi, kwa sababu vifaa viwili vinaweza kutumia masafa yaleyale na visielewane. Angalia kwenye kitabu cha paneli kama aina hiyo ya kihisi imetajwa. Kama haimo, kirudishe ulikokinunua kabla hujakichafua na gundi.

Vuta kile kiplastiki kinachozuia betri, kisha uiweke paneli kwenye hali ya kusajili. Baadhi ya paneli zinataka usogeze sumaku karibu na kuiondoa, nyingine zinataka uingize namba ya kihisi au uchanganue msimbo uliochapwa mgongoni mwake. Ikikubali, itakuuliza jina na aina ya kanda, yaani paneli ifanye nini dirisha hilo likifunguliwa. Jina liwe la kukufaa wewe uliyeamshwa usingizini gizani: "Dirisha la nyuma, chumba cha watoto" linakupeleka moja kwa moja, "Kanda ya 4" inakuacha unajiuliza.

Kwenye aina ya kanda nataka usome polepole. Mlango unaoingilia hupewa muda wa kusubiri, mara nyingi sekunde 30 au zaidi, ili mwenye nyumba awahi kuingiza namba yake ya siri. Dirisha halihitaji muda huo. Hakuna mtu wa nyumbani anayerudi kwa kupitia dirishani. Dirisha lipe aina inayolia papo hapo, na uchague ile inayobaki macho hata mkiwa mmelala ndani, ambapo vihisi vya mwendo vya sebuleni vimezimwa. Nimekuta nyumba ambazo madirisha yake yote yalipewa muda wa kusubiri kama mlango, na wenyewe walidhani wamelindwa. Nusu dakika ni zawadi kubwa kwa mtu aliyekuja kuiba.

Kikishasajiliwa, nenda nacho dirishani. Kishikize kwa utepe wa kawaida, ule wa kubandua kirahisi. Funga dirisha, funga na milango ya vyumba kama inavyofungwa usiku, halafu uiweke paneli kwenye hali ya majaribio. Kama mfumo wako umeunganishwa na kampuni ya ulinzi, wapigie kwanza uwaambie unajaribu, wasije wakakutumia watu bure. Fungua dirisha, funga, fungua tena, kila mara utazame paneli imesema nini. Paneli nyingi huonyesha pia nguvu ya mawimbi. Zikiwa hafifu, sogeza kihisi sentimita chache juu au chini ujaribu upya. Mara nyingi hizo chache zinatosha. Nondo za chuma, fremu ya aluminiamu, kioo chenye utando wa metali na ukuta wa zege wenye vyuma ndani, vyote hivyo hula mawimbi. Ukihangaika na bado hayafiki, aina nyingi za mifumo zina kifaa cha kurudia mawimbi ambacho unakiweka katikati ya njia. Usilazimishe kihisi kinachosikika mara moja na kupotea mara ya pili.

Mahali pa kukiweka, tafuta upande ulio mbali na bawaba. Karibu na bawaba bawa linasogea kidogo sana. Mtu anaweza kulifungua kiasi cha kupitisha mkono na sumaku ikawa haijatoka kwenye himaya ya swichi. Dirisha la kuteleza, weka sumaku kwenye ukingo wa kipande kinachosogea, pale kinapokutana na fremu kikifungwa. Na kama dirisha lina mabawa mawili ambayo kila moja hufunguka bila kumsubiri mwenzake, kila bawa lipate ulinzi wake. Bawa moja likiachwa hivi hivi, kazi yote ya lile jingine haina maana.

Halafu ule mwanya kati ya vipande viwili. Utaona kwenye kila kipande kuna mstari au kishale. Vitazamane, na vipande viwe kwenye usawa mmoja. Kitabu kitakupa umbali wa juu kabisa, ambao kwa vihisi vingi ni kati ya sentimita 1 na 2.5. Mimi huo wa mwisho siutumii. Mbao huvimba na kusinyaa, bawa hulegea kwenye bawaba, na mwanya uliokuwa sawa leo unaanza kukupa king'ora cha uongo dirisha likisukumwa na upepo. Lenga nusu sentimita, isizidi moja, bila vipande kugusana. Fremu ikiwa ya chuma, sumaku hupoteza nguvu kwa sababu chuma kinaivuta kwake. Weka kipande cha plastiki chini yake kiinuke kidogo, kisha upime upya. Aluminiamu haina shida hiyo ya sumaku, shida yake ni mawimbi tu. Ukishapata mahali, funga dirisha ulifungue taratibu sana huku ukitazama taa ya kihisi. Iwake kabla mwanya haujatosha kupitisha mkono. Isipowaka mapema, pabadilishe.

Weka alama kwa penseli, sasa ndipo ubandike. Futa mahali hapo kwa spiriti, paache pakauke kabisa. Rangi inayobambuka ikwangue kwanza, la sivyo gundi itashika rangi na rangi itaachia fremu. Bonyeza kwa nguvu kama nusu dakika. Usifanye kazi hii kwenye baridi kali, gundi nyingi hazishiki vizuri chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Hukomaa polepole pia, na baadhi huchukua hadi saa 72 kufikia nguvu zake zote, kwa hiyo siku za mwanzo lifungue dirisha kwa upole. Skrubu ni imara zaidi kwenye mbao, lakini fremu za plastiki na zile zenye vioo viwili usizitoboe kabla ya kujua kuna nini ndani yake.

Kuhusu betri, nataka unisikilize kama mama mwenzio. Vihisi vingi vidogo hutumia betri bapa ya duara ya volti 3, CR2032. Mtoto akiimeza inaweza kukwama kooni na kuunguza nyama za ndani ndani ya saa mbili tu, hata kama ni betri uliyoitoa kwa kuisha. Kifuniko cha betri chenye skrubu kifunge kwa skrubu yake. Betri za akiba ziweke mahali ambapo mwanao mdogo hafiki hata akipanda kiti, na za zamani zitoe nyumbani siku hiyohiyo. Ukishuku amemeza, mkimbize hospitali, usisubiri dalili. Vingine hutumia CR123A, ambayo ni nene na hukaa muda mrefu zaidi. Kwa vyovyote, paneli itakuonya betri ikikaribia kuisha, na onyo hilo usilinyamazishe ukalisahau.

Kuna onyo jingine ambalo watu hulipuuza: paneli kusema haijamsikia kihisi fulani. Vihisi vizuri hutuma salamu kila baada ya muda hata dirisha likiwa halijaguswa, na paneli huhesabu. Salamu zikikosekana, ama betri imekufa, ama kuna kitu kimewekwa njiani, ama mtu amekigusa kihisi. Hakikisha usimamizi huo umewashwa kwenye mipangilio, maana kwenye baadhi ya paneli unaweza kuzimwa, na ukizimwa kihisi kilichokufa kinaonekana sawasawa na dirisha lililofungwa.

Sasa jambo ambalo hukuuliza, ila naona ni haki yako kulijua. Kihisi hiki kinajua sumaku imesogea au haijasogea, basi. Mtu akivunja kioo na kuingia kwa lile tundu bila kulifungua bawa, hakitasema kitu. Kwa chumba chenye kioo kikubwa kinachofikika kutoka nje, ongeza kihisi cha kusikia kioo kikivunjika, au kihisi cha mwendo ndani ya chumba. Kwa hilo dirisha la chumba cha watoto unalotaka liachwe wazi kidogo usiku kwa ajili ya hewa, kuna njia nzuri: baada ya kuweka kizuizi imara kinacholisimamisha bawa kwenye mwanya mdogo, bandika sumaku ya pili mahali ambapo bawa likiwa kwenye mwanya huo sumaku hiyo itakuwa mbele ya swichi. Hapo mfumo utaliona kama limefungwa, na likisukumwa zaidi ya hapo litalia. Itakubidi ujaribu kwa subira mpaka upate mahali penyewe, na kwa bawa lenye mzunguko mkubwa pengine ipatikane shida, lakini ni bora kuliko kulitenga dirisha hilo nje ya ulinzi kila usiku.

Anza na dirisha lile lililotikiswa. Likikubali, mengine utayafanya bila kunihitaji. Kisha nitumie picha ya fremu ukiwa umelifungua bawa, na nyingine likiwa limefungwa, na uniandikie ni mbao, chuma au aluminiamu, pamoja na masafa yaliyo kwenye lebo. Kuhusu vile vya kusikia kioo, usinunue bado. Niambie kwanza ukubwa wa sebule na kama madirisha yake yana mapazia mazito, kwa sababu mapazia humeza sauti na hilo litaamua kiwekwe wapi.

Wabusu watoto kwa niaba yangu.

Wako,
Mwanaidi