Tusiwadharau wanaotafiti neva za wanyama

Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee madaktari wa mifugo waliochagua kutafiti ubongo na neva. Huulizwa kila mara kwa nini wanapoteza miaka kwa mbwa mzee.

Mbwa huyo nimemwona. Kucha za miguu ya nyuma zimesagika kwa kuburutwa. Ukimpindulia unyayo ukalalia upande wake wa juu, anauacha hivyo hivyo. Hasikii maumivu, ila nguvu zinamwishia mwezi hadi mwezi. Mwaka 2009 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, walionyesha kuwa maradhi haya ya uti wa mgongo yanahusiana na hitilafu katika jeni ya SOD1. Ni jeni ile ile iliyohusishwa mwaka 1993 na ALS, ugonjwa unaodhoofisha misuli ya binadamu mpaka kupumua kunamshinda. Na mbwa huugua kiasili, uzeeni, hakuna aliyempandikizia jeni maabara kama panya.

Kazi hii inadai subira: shahada, miaka ya ubingwa, kisha kumwomba mwenye mbwa, siku ile ile ya majonzi yake, aruhusu uti wa mgongo wa mbwa wake aliyekufa uchunguzwe. Wagawaji wa fedha za utafiti wasiwaweke mwisho wa foleni.

Msomaji wako